Machaguo ya mstari wa amri kwa zana za kunakili na kurejesha hifadhidata

msanifu_mpya
Habari za kazi, wakuu. Ninaandika programu mbili, moja ya kuchukua nakala rudufu ya hifadhidata na nyingine ya kuirejesha, nami nimekwama kwenye machaguo, yaani herufi au maneno yanayoandikwa baada ya jina la amri. Zana zilizopo hazikubaliani: kwa pg_dump, zana ya kunakili ya PostgreSQL, -p ni namba ya poti, ilhali kwa mysqldump, ile ya MySQL, -p ni nenosiri na poti ni -P. Nifuate desturi ipi? Tena, je, herufi moja yaweza kuwa na maana mbili katika programu zangu, maadamu kazi zake ni tofauti?

mlinzi_wa_data
La kwanza ni jepesi: fuata desturi ya hifadhidata ambayo watumiaji wako wameizoea. La pili jibu lake ni hapana. Tazama -T, ambayo kwa pg_dump huacha nje jedwali lililotajwa, lakini kwa pg_restore, zana ya kurejesha ya PostgreSQL, hutaja triga (amri inayojiendesha data inapobadilika) ya kurejeshwa. Anayenakili amri na kubadilisha jina la programu tu haambiwi kwamba herufi imegeuka maana, kwa kuwa ni halali pande zote mbili.

Ukilazimika kubadilisha maana ya herufi, kwanza iache ikae bila kazi. Zamani -d ya pg_dump iliagiza data iandikwe kwa amri za INSERT (za kuingiza safu katika jedwali), watu wakawa wanaichanganya na jina la hifadhidata, hivyo ikaondolewa katika toleo la 8.4 la PostgreSQL la mwaka 2009, na ikarudi kwa maana ya jina la hifadhidata katika toleo la 9.3 la mwaka 2013. Katikati hapo, skripti kuukuu zilikataliwa waziwazi, jambo ambalo ni afadhali kuliko kutii kwa maana nyingine.

fundi_seva
Naunga mkono, na ninaongeza kwamba chaguo linalofuta data lisipewe herufi kabisa. Kwa pg_restore, -c hufuta vilivyopo kabla ya kuviunda upya, na -C huunda hifadhidata yenyewe; kati ya hayo mawili pana kitufe kimoja tu cha herufi kubwa. Isitoshe, ukitumia -C, jina unaloandika kwenye -d ni la kuunganishia tu, na data huingia katika hifadhidata iliyotajwa ndani ya nakala. Mimi ningetenganisha hifadhidata ya kuunganishia na ile ya kupokea data kwa machaguo mawili yenye majina marefu.

msanifu_mpya
Nashukuru, nitayatenganisha. Je, -h iwe ya msaada au ya seva?

mlinzi_wa_data
Ya seva, kama ilivyo kwa zana zote mbili ulizozitaja. Msaada utoshelezwe na --help.