Wana wa Bibi wa Chanika: kuni za harusi

*Jumamosi, 10 Januari*

Mama Saidi: Asalaam alaykum wanafamilia. Ule mwembe wa nyuma kwa Mama umeangushwa leo asubuhi, fundi anataka kuchimba msingi wa chumba Jumatatu. Magogo yamejaa uwanja mzima. Naomba tusiyagawe ovyo. Harusi ya Zuwena ni Aprili, masika yenyewe, na hizi ndizo kuni za pilau.

Kaka Juma: Waalaykum salaam dada. Mimi naona tuwauzie wachoma matofali, hela ile ilipie turubai na viti. Kuni tutanunua siku ikifika.

Mama Saidi: Kuni kavu Aprili utaipata wapi kaka? Hitima ya Baba tulinunua kwenye mvua. Umesahau mpishi alivyokuwa anapuliza mpaka macho yamemvimba? Wali wa juu mbichi, wa chini umeungua, sufuria lote linanuka moshi.

Asha Mbagala: Dada anasema kweli. Mimi napika kila siku, masika nayajua. Malori ya mkaa yanakwama huko porini, bei inapanda, na kuni zinazofika mjini zimelowa. Mwenye kuni kavu chini ya bati mwezi huo anapika kwa raha.

Saidi: Shikamooni wakubwa. Kwa nini tusikodi majiko ya gesi? Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024, na lengo la nchi ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Na Bibi ana kifua.

Mama Saidi: Marahaba mwanangu. Umesema la maana. Mtungi wa Bibi uko palepale, chai yake hapikii kuni tena. Ila mti umeshalala chini, tuuache uoze?

Asha Mbagala: Mchuzi na vitafunwa tupikie gesi, pilau liende kwenye mafiga huko nje, mbali na dirisha la Bibi. Ila kuni ziwe kavu. Tumuulize shemeji wa Makete, hao watu wa baridi wanajua kuni.

Baba Neema (Makete): Nipo, nilikuwa shambani. Shikamoo mama mkwe, najua mtamsomea.

Huku kwetu mvua zinaanza Novemba zinakwenda mpaka Aprili hivi, halafu inaingia baridi yenyewe, Juni na Julai, asubuhi unakuta sakitu, umande ulioganda, nyeupe kwenye majani. Kati ya mvua na baridi hakuna jua la kukausha kitu. Kwa hiyo kuni za kuota Juni tunazichanja Septemba na Oktoba ya mwaka wa nyuma, tunazipanga chini ya upenu. Aliyengoja baridi ifike ndipo akate mti, anaota moshi.

Nyie bahati yenu mti umeanguka Januari. Kaskazi inavuma, jua kali. Mna miezi miwili kabla masika hayajashika Machi. Lakini msiache gogo zima! Gogo lenye gome linaweza kukaa hata mwaka, ndani bado bichi. Maji ya mti yanatokea zaidi kwenye ncha zilizokatwa, pembeni gome linayazuia. Kateni vipande vifupi, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidole, halafu chanjeni leo na kesho wakati mti bado mbichi. Mwembe mbichi shoka linaingia vizuri, ukikauka unakuwa mgumu.

Kaka Juma: Unene gani shemeji?

Baba Neema (Makete): Kama kifundo cha mkono. Mnene zaidi ya hapo hautawahi Aprili.

Kaka Juma: Lakini kwani kuni mbichi si inawaka tu ukiongeza moto?

Baba Neema (Makete): Inawaka, ila moto wake unafanya kazi nyingine. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Beba kilo 10 za kuni mbichi, umebeba lita nne au tano za maji ndani yake. Moto lazima uyachemshe hayo yote yatoke kama mvuke ndipo joto lifike kwenye sufuria. Ndiyo yale mapovu unayoyaona yanatoka kwenye ncha yakilia chwiiii. Na moto uliopoa namna hiyo hauli moshi wake, ndio huo unaoingia kwenye wali na kifuani kwa watu. Kuni nzuri maji yake yameshuka chini ya asilimia 20.

Asha Mbagala: Hiyo sauti naijua 😔

Mama Saidi: Sasa tuzipange wapi? Juma alikuwa anataka kuzilundika ukutani afunike turubai.

Baba Neema (Makete): Hapana jamani. Ukifunika pande zote unazichemsha kwa jasho lake, zinaota ukungu, na mwembe unaoza upesi. Pangeni kwenye tofali au mbao za chini, zisiguse udongo, Chanika mchwa hawalali. Acheni nafasi ya kiganja kati ya rundo na ukuta. Ncha zielekee upepo unakotoka. Bati juu tu, pande wazi.

Mama Saidi: Nimemsomea Mama. Anasema kwao Mkuranga walikuwa wanaweka uchagani juu ya moto, na msipange karibu na mlango wa watoto kwa sababu ya nge na nyoka.

Baba Neema (Makete): Mwambieni ahsante, nge nilikuwa nimewasahau.

Kaka Juma: Zikipungua, kuna kijana anauza mikoko, anasema inawaka kama mkaa.

Saidi: Mjomba tuiache. Mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali, na ndiyo inayozuia bahari isile ufukwe.

Asha Mbagala: Na zile mbao za rangi za banda la zamani, na kile kipande cha nguzo ya umeme, visiingie jikoni. Nguzo imetiwa dawa ya mchwa. Chakula cha watu.

Kaka Juma: Haya nimekubali. Nakwenda na shoka na kabari, Saidi njoo mapema kabla ya jua.

Saidi: Sawa mjomba. Baba mdogo, tutajuaje zimekauka?

Baba Neema (Makete): Gonganisha mbili. Kavu inalia ko! ko!, mbichi inajibu du. Ncha zinapasuka mistari kama jua, gome linabanduka lenyewe. Ukitaka uhakika, chagua vipande vitatu, vifunge pamoja, vipime kwenye mizani ya duka, andika uzito kwa mkaa. Rudi kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, maji yaliyobaki ni ya hewa ya pwani tu, hayo hayatoki hata ungoje mwaka.

*Jumapili, 11 Januari*

Saidi: Nimechukua vya katikati ya rundo. Kilo 3.4.

*Jumamosi, 14 Februari*

Saidi: 2.6. Ncha zimepasuka. Lakini nikigonga, zile za upande wa ukutani bado zinalia nzito.

Baba Neema (Makete): Zigeuze, za ndani zije nje. Bado jua lipo.

*Jumapili, 8 Machi*

Saidi: 2.3. Wiki iliyopita ilikuwa 2.3 pia.

Asha Mbagala: Mashaallah!

Mama Saidi: Jana usiku mvua imepiga Chanika, nimetoka na tochi, bati limeshika, za juu kavu kabisa. Juma ameongeza bati moja upande wa kusini.

Kaka Juma: Upepo unageuka mwezi ujao, mvua itapiga kutoka huko. Saidi, toa fungu moja leo tupikie maharage ya Bibi, tujue moto wake ukoje kabla mpishi hajaja.

Saidi: Niko njiani mjomba. Nije na kiberiti au kipo?

Kaka Juma: Kipo. Njoo na kitunguu.