Tupeane uzoefu: Stesheni ya zamani ya reli, Mombasa

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ningependa sote tulioitumia stesheni ya zamani, ile iliyo mwisho wa Barabara ya Haile Selassie, tuandike tunayoyakumbuka. Reli ilianza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Treni ya abiria ya usiku ilikoma 2017, mwaka ambao Madaraka Express, treni ya reli mpya, ilianza safari zake kutoka Miritini, nje ya kisiwa. Mimi nilisomea bara, na kila muhula ulipofunguliwa marehemu baba alinisindikiza jioni hadi mlangoni mwa behewa, akanitafutia mama mtu mzima wa kukaa karibu naye mpaka Nairobi asubuhi.

Mwana wa Mazeras:
Kwa sisi wa vituo vidogo, stesheni hiyo ndiyo iliyokuwa mlango wetu wa mjini. Bibi yangu alipanda na nazi na madafu yake, na wenziwe wakapandia Mariakani, Maji ya Chumvi na Samburu. Wakishateremka, hawakuwa na nauli nyingine ya kulipa, kwani soko la Mwembe Tayari liko karibu na mzigo ulibebwa kichwani. Reli mpya ina kasi, nami naishukuru, lakini mwenye kapu la nazi hakufikiriwa ilipopangwa.

Binti wa Gadi:
Wa alaykum salaam. Baba alikuwa gadi tangu enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, jirani zetu waliotoka Uganda na Tanzania walifunga virago wakarudi kwao, na mama alilia kwa kuwa ndio waliomsaidia kutulea. Habari hii huandikwa kama siasa za marais watatu, ilhali sisi watoto tuliiona katika nyumba zilizobaki tupu.

Abu Salim:
Nakumbuka kituo cha Mackinnon Road, ambapo msikiti wenye kaburi la walii Seyyid Baghali uko kando ya reli. Wazee ndani ya behewa walinyanyua mikono wakasoma Fatiha, na sisi vijana tukanyamaza.

Mwanzisha mada:
Shukrani. Mwana wa Mazeras, tafadhali tueleze: je, akina bibi walitozwa nauli ya mizigo kando, au tiketi ya daraja la tatu ilitosha?