Tupeane uzoefu: sinia la vitafunio la kumpokelea mgeni kabla ya mlo

Mwanzisha mada, Unguja

Assalamu alaykum, na salamu kwa ndugu wote wa imani nyingine. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu kuhusu lile sinia linalowekwa mbele ya wageni wakati pilau bado imepaliwa makaa jikoni. Kukaanga sambusa na kachori wengi wetu tulifundishwa na mama zetu tangu utotoni, lakini upangaji wa sinia lenyewe, yaani aina ngapi ziwemo, kwa kiasi gani na kipi kikae kando ya kipi, ni elimu niliyoikosa mpaka siku iliponitia aibu.

Mwaka juzi tuliwapokea washenga 7 waliokuja kumposa mdogo wangu wa kike. Kwa kutaka kuwaheshimu nilitayarisha aina 11 za vitafunio, zikiwemo sambusa, kachori, bajia za dengu, katlesi, vitumbua, visheti na kaimati, nikazipanga zote katika sinia moja mpaka ukingo wake haukuonekana. Shira ya kaimati ilitiririka chini ya katlesi, bajia zilizobanwa katikati zikalowa kwa mvuke wa sambusa zilizotoka motoni, na wageni, ambao kwa adabu yao walionja kila kitu, walishiba kabla biriani haijapakuliwa. Shangazi yangu alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili ya biriani ile. Nilimwona akiirudisha jikoni ikiwa imechotwa pembeni tu, naye hakusema neno, na mpaka leo sijaisahau sura yake.

Tangu siku hiyo naweka aina 5, na iwapo mlo unafuata, kila mgeni namhesabia vipande 5 au 6 kwa jumla. Natandika jani la mgomba lililobabuliwa kidogo juu ya moto ili lilainike na lisichanike, kisha naweka mabakuli mawili madogo ya chatini ya ukwaju pande mbili zinazokabiliana, kwa kuwa watu huketi wakilizunguka sinia na si vizuri mgeni apitishe mkono mbele ya uso wa mwenziwe ili achovye sambusa yake. Baada ya mabakuli hufuata sambusa, ncha zote zikielekea upande mmoja, halafu katlesi ndogo za mviringo, vipande vya tango na embe bichi vilivyonyunyiziwa chumvi na pilipili, korosho za kukaanga, na mwisho tende. Kati ya kundi na kundi naacha jani lionekane, maana kijani kile ndicho kinacholipa sinia umbo lake, na mgeni akilitazama anajua mkono wake uende wapi. Naomba nanyi mseme mnafanyaje.

Mchangiaji wa Tanga

Pole kwa yaliyokupata, dada. Mimi napikia shughuli za watu hapa Ngamiani, na nimeona masinia mengi yakiharibika katika dakika 10 za mwisho, ilhali mapishi yenyewe hayakuwa na kasoro. Sambusa inapotoka kwenye karai ina mvuke ndani yake, na ukiilaza bapa juu ya nyingine au ukaifunika kwa mfuniko wa plastiki, mvuke ule hurudi kwenye manda, yaani ule unga mwembamba unaofungia sambusa, na kuilegeza kabisa. Mimi huzisimamisha kwenye chungio kubwa zikiegemeana, nikaziacha dakika 5 hivi, ndipo nazihamishia kwenye sinia na kulifunika kwa kawa la ukindu, ambalo huzuia nzi lakini huruhusu mvuke utoke. Kawa langu alinisukia bibi yangu mzaa mama, lina mistari ya zambarau na kijani, na wageni hunyamaza kidogo linapofunuliwa.

Niongeze la kima, yaani nyama ya kusaga ya kujazia, kwa sababu sambusa iliyolowa mara nyingi huwa imelowa tangu ndani. Kima ipikwe mpaka ikauke, iachwe ipoe kabisa, ndipo vitunguu vibichi vilivyokatwa vidogo na kotmiri vichanganywe. Vitunguu vikitiwa kima ikiwa moto hutoa maji, na hakuna manda inayoweza kustahimili maji hayo. Sambusa mbichi zilizokwisha kufungwa hukaa vizuri kwenye friza, kwa hiyo mwenye wageni Jumamosi anaweza kuzifunga Alhamisi, akabaki na kukaanga tu wageni wanapovua viatu mlangoni.

Mchangiaji wa Mombasa

Langu mimi ni la joto. Mwezi wa Machi mmoja, siku ambazo kaskazi inaisha na hewa imetulia bila upepo, nilisaga chatini ya nazi saa nne asubuhi kwa ajili ya wageni wa saa nane mchana, nikaiacha mezani imefunikwa vizuri. Ilipofika mbele ya mama mkwe wangu ilikuwa imeanza kunuka uchachu, naye aliionja kabla yangu. Nilijifunza baadaye kwamba vyakula vya nyama, mayai, maziwa na nazi iliyosagwa havifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa 2, na joto likipita nyuzi 32, ambalo kwetu ni jambo la kawaida miezi hiyo, muda wenyewe hupungua ukawa saa 1 tu. Sasa chatini ya nazi naisaga mwisho wa vyote, naitoa katika bakuli dogo, na likiisha naleta jingine kutoka kwenye friji badala ya kuongeza juu ya iliyobaki.

Vile vile napendekeza krips za mhogo kwa sinia la mwenye nafasi ndogo. Ni rahisi, ni zetu, na ukizikamulia ndimu na pilipili ya unga mbele ya mgeni mwenyewe, harufu yake peke yake inamkaribisha. Zikikamuliwa mapema hulegea.

Mchangiaji wa Goma

Salamu kutoka Goma. Huku kwetu sinia la mgeni halikosi jibini, ambalo wengi tunaliita fromaji, linalotengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa milima ya Masisi. Ni jibini gumu kiasi, la mviringo, ladha yake haina ukali, na hata wazee wasiopenda vyakula vigeni hulila bila kusita. Mimi hulitoa kwenye baridi nusu saa kabla ya wageni kufika, kwa sababu likiwa baridi halina harufu wala ladha, kisha nalikata vipande vyembamba vyenye pembe tatu na kuvipanga kama feni, karanga za kukaanga upande mmoja na vipande vya nanasi upande wa pili. Nanasi hulipanguza kwanza kwa kitambaa safi, maana maji yake yakilifikia jibini hulifanya liteleze. Aina 3 tu zinanitosha, nami huwa naona wageni wakizungumza zaidi pale wanapokuwa hawana mengi ya kuchagua.

Mchangiaji wa Muscat

Sisi tunaoishi Oman tunaona wenyeji wakimtangulizia mgeni fuala, yaani tende, matunda, halua na kahawa ya iliki, kabla ya kumuuliza lililomleta. Nilichokichukua kwao ni kuipa tende nafasi yake yenyewe. Awali nilikuwa nikizitawanya pembeni mwa sinia kama pambo, zikanata kwenye sambusa na hakuna aliyezigusa. Siku hizi naweka aina moja nzuri, mara nyingi Khalas, katika kisahani chake, nimezitoa kokwa na kutia lozi moja moja ndani yake, na pembeni naweka bakuli la maji ya kuoshea vidole. Kahawa humiminwa kidogo tu ndani ya finjani, hupokewa kwa mkono wa kulia, na mgeni aliyetosheka huitikisa finjani ili mwenyeji asiendelee kummiminia. Watoto wangu waliozaliwa huku nimewafundisha wao ndio wamimine, nao hulifanya kwa heshima kubwa kuliko mimi.

Mchangiaji wa Nairobi

Kwa wanaotumia ubao badala ya sinia, tafadhali uwe ubao wa kazi hiyo pekee. Nilitumia ule ninaokatia vitunguu, nikausugua kwa ndimu na chumvi, na bado matikiti yalibeba harufu ya kitunguu.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Ningeomba tusiwasahau wageni wasiokula kila kitu. Jirani yangu wa Upanga hali nyama wala samaki, na siku niliyomwalika nilimkaangia bajia za dengu kwa makini, nikajivunia kwamba nimemfikiria. Aliponiuliza kwa upole kama mafuta yalikuwa mapya, nilikumbuka kwamba asubuhi yake yalikaangia samaki aina ya changu. Nilimwambia ukweli, naye akala matunda. Tangu hapo mafuta ya mboga yana karai yake, na vitafunio hivyo huvipanga kwenye sahani ya peke yake, si pembezoni mwa katlesi ambapo chembe za nyama huweza kumfikia. Karanga na korosho pia naziweka katika bakuli, wala sizinyunyizi juu ya vitu vingine, kwa kuwa wapo ambao miili yao haizivumilii kabisa na swali la mapema kwa simu linatosha kujua.

Mwanzisha mada

Nawashukuru sana, kaka na dada zangu. Jumapili iliyopita tulipokea wageni 8 kutoka Pemba, nami nilifuata mengi mliyoyaandika: sambusa zilisimama kwenye chungio kabla ya kupangwa, tende zilikuwa na kisahani chake, chatini ya nazi ilisagwa wageni wakiwa wameshaketi, na nilipunguza aina zikabaki 4. Sinia lilirudi na vipande viwili vya tango. Shangazi alipakua pilau baada ya dakika 20, na jioni nilimkuta jikoni akibandua ukoko chini ya sufuria ili awape watoto, kwa kuwa hakikubaki kingine.