Mawio ya Haleakalā ukiwa na meli: vani ya mwongozaji, gari la kukodi, baiskeli, au machweo?

Pwani_Hadi_Pwani:
Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni wa wanaopanda Pride of America, ile meli inayozunguka visiwa vya Hawaii kwa siku 7. Inaondoka Honolulu Jumamosi, Jumapili asubuhi inafunga gati Kahului kisiwani Maui, inalala hapo, kisha inaondoka Jumatatu jioni. Maana yake mawio ya kilele cha Haleakalā, ule mlima mkubwa wa Maui ulio ndani ya hifadhi ya taifa, unayapata Jumatatu tu, kwa sababu Jumapili alfajiri meli ingali baharini.

Njia ninazoziona ni hizi: vani yenye mwongozaji (ukinunua melini au moja kwa moja kwa kampuni ya nchi kavu), kukodi gari na kujiendesha, vani ya mawio halafu kushuka kwa baiskeli, au kuachana na alfajiri na kwenda kuangalia jua likizama Jumapili. Ipi inafaa nani? Naomba tuongee kwa saa na kwa dola. Picha za kupendeza kila mtu ameshaziona.

Mama_Kibo:
Kabla ya kulinganisha chochote, kibali. Tangu Februari 2017, gari lolote linaloingia hifadhini kati ya saa 9 usiku na saa 1 asubuhi lazima liwe na kibali cha mawio kilichokatwa mapema kwenye tovuti ya recreation.gov. Ni dola 1 kwa gari, na hairudishwi. Kiingilio ni kitu kingine kabisa: dola 30 kwa gari dogo la binafsi, unalipa kwa kadi (noti hawapokei), na risiti yake inatumika siku 3. Jina la kwenye kibali lifanane na kitambulisho cha aliyemo garini. Mtu hawezi kumkatia jirani yake wa kabini.

Vibali vinafunguliwa mara mbili: siku 60 kabla, saa 1 asubuhi ya Hawaii, halafu vingine siku 2 kabla, saa ile ile. Kwa mawio ya Jumatatu, siku 60 nyuma inaangukia Alhamisi. Siku 2 nyuma ni Jumamosi, siku ile ile ya kupanda meli Honolulu, kwa hiyo saa 1 asubuhi uwe mahali penye intaneti ya uhakika kabla hujaanza kuburuta masanduku.

Na hapa ndipo Waswahili wengi wanapokosea: tovuti inaandika 7:00 AM. Hiyo ni saa moja, siyo saa saba! Dar na Nairobi ni saa 2 usiku, Muscat na Dubai ni saa 3 usiku, Houston ni saa 6 mchana wakati wa kiangazi chao na saa 5 wakati wa baridi, maana Hawaii haibadilishi saa. Fungua akaunti na uingize kadi ya benki siku moja kabla. Dakika za kwanza ndizo za kugombania.

Kibali kikishapatikana, kihifadhi kwenye simu. Mtandao ule wa getini si wa kuutegemea.

Dereva_Sekenke:
Mimi nasimama na gari la kukodi, hasa mkiwa watu wawili na kuendelea. Dola 31 zinaingiza gari zima, wakati vani inatoza kila kichwa, na kichwa kimoja tu kinapita hizo mara kadhaa. Ofisi za magari ziko uwanja wa ndege wa Kahului, dakika chache kutoka bandarini. Chukua gari Jumapili, maana saa 8 usiku hakuna wa kukufungulia ofisi. Na kabla ya kulipia, ulizia bandarini gari litalala wapi usiku huo. Usije ukafika na gari ndipo uanze kuuliza.

Hesabu ya saa inaanzia juu na kurudi chini. Chukua siku ambayo jua linatoka saa 12:15 asubuhi. Saa 11:15 uwe umeshaegesha. Kutoka geti la hifadhi hadi juu ni kama nusu saa ya kona, kwa hiyo getini saa 10:30, kuna foleni ya kukagua vibali. Kutoka bandarini hadi juu ni takribani kilomita 60, saa moja na nusu hadi mbili. Ondoka gatini saa 9:15. Juni jua linawahi, kama saa 11:40, Januari linachelewa hadi karibu saa 1 kasoro, kwa hiyo rekebisha.

Njia ni barabara ya Hana (36), kisha 37, 377, na mwisho 378 ambayo ndiyo yenye kona za kukunja usukani wote. Sehemu nyingi hazina kingo za chuma, taa za barabarani hakuna, na ng'ombe wa malisho ya huku chini wanaweza kulala katikati ya lami. Ndani ya hifadhi kuna nēnē, bata bukini wa huko ambaye hana habari na gari lako. Mafuta jaza Kahului. Hifadhini hakuna sheli wala duka la chakula.

Kazi yenyewe ni kushuka. Wengi wanashuka wamekanyaga breki kutoka mita 3,000 hadi baharini, wakifika katikati wanasikia harufu ya kuungua, kanyagio linakuwa laini. Madereva wa malori wa miteremko ya Sekenke na Kitonga kule Tanzania wanajua: gia uliyopandia ndiyo unayoshukia. Kwenye otomatiki weka L au 2, kwenye haibridi weka B, breki iwe ya kugusa na kuachia. Ukisikia harufu, tafuta pa kupaki upumzishe dakika 15. Usimwagie maji.

Kilindini:
Mkuu Dereva, hesabu yako ni nzuri lakini umesahau dereva amelala saa ngapi. Meli imejaa muziki hadi usiku, mtu analala saa 5, anaamka saa 8 na nusu, anaendesha gizani barabara asiyoijua, upande wa kulia, kwenye gari asilolijua. Kwa aliyezoea kushoto kama sisi wa Kenya na Tanzania, kona ya kwanza usiku ule ndiyo mtihani. Vani inaondoa hilo lote. Aliyelala alale.

Sasa vani ipi? Watu wananunua ile ya meli kwa hoja moja: nikichelewa, meli itanisubiri. Kwenye bandari nyingine hoja hiyo ina uzito. Kahului haina, kwa sababu vani inarudi asubuhi, mapema au katikati, na meli inaondoka jioni. Unalipia bima ya ajali isiyokuhusu. Faida ya kweli ya tiketi ya meli ni nyingine: bandari ikirukwa kwa hali ya hewa, hela inarudi bila mabishano. Ukinunua nchi kavu, soma masharti ya kufuta kwanza.

Maswali ya kuuliza kampuni kabla ya kutoa kadi, kwa maandishi:
- Mnachukua abiria getini bandarini, au nijipeleke hotelini? Teksi ya saa 8 usiku usiihesabu kama ipo.
- Kiingilio cha hifadhi kimo kwenye bei?
- Mna kibali cha hifadhi cha kupeleka watu mawio? Si kila kampuni inayo. Wengine wanauza "ziara ya Haleakalā" ya saa 3 asubuhi, na mtu anagundua akiwa ameshalipa.
- Kifungua kinywa kipo, na kinaliwa wapi? Vingi ni vya kusimama njiani wakati wa kushuka, sehemu iitwayo Kula (ni jina la mahali).

Kutoka melini usiku si tatizo, ila beba kadi ya kabini pamoja na kitambulisho chenye picha. Bila hivyo lango la bandari halikuingizi ukirudi.

Pwani_Hadi_Pwani:
Asante Kilindini. Na baiskeli? Matangazo yanasema unashuka kutoka kileleni.

Kilindini:
Hapana, hiyo ni lugha ya tangazo. Mwaka 2007, baada ya vifo, hifadhi ilisimamisha ziara za biashara za baiskeli ndani ya mipaka yake, na hadi leo zinaanzia nje ya geti, kama mita 1,980. Yaani unaangalia jua juu, unapakiwa tena kwenye vani, unashushwa hadi nje ya hifadhi, ndipo unavaa kofia ngumu. Bado ni mteremko mrefu, lakini ile sehemu ya juu ya mawingu na kokoto nyekundu unaipita garini. Viatu vya kufunika vidole ni lazima, watoto wadogo na wajawazito hawapokelewi. Barabara ni ile ile ya magari yanayoshuka baada ya mawio, madereva nusu wamelala. Kwa mtu ambaye mara ya mwisho kupanda baiskeli ilikuwa shule ya msingi, hapana.

Mpiga_Mbizi:
Kuna kitu hakijatajwa na ndicho cha hatari kuliko kona. Jumapili watu wengi wa meli wanaenda Molokini, kisiwa kidogo cha kuogelea na kuzamia karibu na Maui. Ukiogelea juu juu na kioo na bomba la kupumulia, hakuna neno. Ukizama na mtungi, hesabu saa kabla ya kupanda mlima, kama vile unavyohesabu kabla ya ndege, maana gesi iliyobaki mwilini inaweza kukudhuru ukipanda juu mapema mno. Shinikizo ndani ya ndege ya abiria huwekwa lisizidi lile la mita 2,400 hivi. Haleakalā ni mita 3,055, kwa hiyo mlima unakudai zaidi ya ndege.

Miongozo ya kawaida ya ndege: mzamo mmoja usio na vituo vya kupunguza shinikizo, angalau saa 12, mizamo zaidi ya mmoja, angalau saa 18. Walimu wengi wa Maui wanasema saa 24 na mimi niko upande wao. Ukimaliza mizamo miwili saa 6 mchana Jumapili, saa 18 zinaisha saa 12 asubuhi Jumatatu, wakati wewe saa 10 na nusu ulishapita geti. Haitoshi hata kwa kipimo cha chini. Chagua kimoja: mtungi au mawio. Au kazame Jumatano meli ikifika bandari ya Kona.

Mama_Kibo:
Nakubali kabisa. Niongeze urefu kwa lugha ya Moshi: kwenye Kilimanjaro, kambi ya Mandara ni mita 2,720, ya Horombo ni 3,720. Kilele hiki kimekaa katikati yake. Mpanda Kilimanjaro wa njia ya Marangu anakipita kimo hicho siku ya pili kwa mguu, pole pole. Huku unakifikia kwa saa mbili ukitokea usawa wa bahari, na tumbo tupu. Ndiyo maana watu wanashuka garini wanakimbilia ukingoni kupiga picha, ghafla kichwa chepesi, magoti maji. Tembea kama mgeni wa msibani. Kunywa maji tangu jana yake, pombe ya meli iache. Mwenye moyo au mapafu yenye shida, na mjamzito, aongee na daktari wake kabla hajalipa.

Anayechafukwa na kona ameze dawa kabla ya kuondoka gatini na akae viti vya mbele. Ukimeza tayari umeshaanza kutema mate, umechelewa.

Baridi: chini umeacha joto la kulalia shuka moja, juu huweza kushuka hadi sifuri au chini yake, na upepo juu yake. Fulana, sweta, koti la kuzuia upepo, kofia ya sufu, glavu, soksi nene. Shuka la Kimasai linafanya kazi nzuri sana. Khanga mbili hazitoshi, tusidanganyane.

Bi_Mkubwa:
Nyote mnagombania alfajiri. Machweo ya Jumapili hayana kibali, unalipa kiingilio tu, na meli inalala kwa hiyo hakuna anayekukimbiza. Unapanda mchana ukiona barabara, unafika saa moja kabla ya jua kuzama, unabaki nusu saa nyota zitoke, unarudi kulala. Mawingu kwa kawaida hukaa chini ya kilele, kwa hiyo jua linazama kwenye bahari ya pamba chini ya miguu yako. Kushuka gizani kupo, lakini ni saa 2 usiku na dereva ana akili zake.

Kasoro: jua linazama upande wa pili, siyo juu ya lile bonde kubwa lililo ndani ya mlima. Na magari yanajaa jioni pia, hifadhi ikifunga maegesho huna la kufanya.

Dereva_Sekenke:
Bi Mkubwa kanishinda kwa hoja ya akili za dereva. Kwa familia yenye watoto ningesema machweo bila kufikiri.

Shuka_la_Kimasai:
Samahani wakuu, je, moto wa volkeno unaonekana kutoka hapo juu?

Mama_Kibo:
Hapana ndugu. Haleakalā mara ya mwisho kulipuka ilikuwa kati ya mwaka 1480 na 1600 hivi, imelala. Hata lile bonde kubwa la ndani halikutokana na mlipuko: mabonde mawili yalichimbwa na mvua na mito yakakutana, kisha lava na vilima vya majivu vikaja kujaza. Anayetaka volkeno iliyo macho asubiri Jumanne, meli inafika bandari ya Hilo, na volkeno ya Kīlauea iko karibu. Lakini aangalie taarifa za siku hiyo, kwa sababu inawaka na kunyamaza.

Pwani_Hadi_Pwani:
Swali la mwisho. Ukishapita geti, unasimama wapi?

Kilindini:
Sehemu ni nne: Leleiwi, Kalahaku, kituo cha wageni cha juu (mita 2,969), na kilele chenyewe, Puʻu ʻUlaʻula. Kibali kinakuingiza hifadhini tu, hakikupi nafasi ya maegesho unayoitaka. Juu kukijaa, askari wa hifadhi wanakurudisha chini. Kituo cha wageni ndicho kilichokaa ukingoni mwa bonde, jua linatokea mbele yako kabisa. Kilele kiko juu zaidi na kina kibanda cha vioo cha kujikinga upepo, ila watu wanasongamana humo. Zima taa za gari na tochi ukifika, na usikanyage nje ya njia: ʻāhinahina, ule mmea wa majani ya fedha, haumei mahali pengine duniani na mizizi yake iko juu juu kwenye mchanga.

Usiondoke jua likichomoza tu. Magari yote yanatoka kwa mkupuo. Mwenye gari lake akae nusu saa, njia ya miguu ya Keoneheʻeheʻe inaanzia kwenye maegesho ya kituo cha wageni. Shuka robo saa tu, kurudi kutakula kama nusu saa.

Mpiga_Mbizi:
Na wa vani hawana hiyo nusu saa. Mwongozaji anahesabu vichwa, anafunga mlango.