Naomba ushauri: kuishi Cranleigh bila gari

Wakuu, habarini za leo. Nimepata kazi ya kulea wazee huko Cranleigh, Surrey, kusini mwa Uingereza, nami kuendesha gari sijui. Wenyeji hupaita kijiji, tena hujisifu kuwa ndicho kikubwa kuliko vyote nchini, lakini ukiona maduka yalivyojipanga barabara kuu utadhani mji mdogo. Ubishi wao nawaachia wenyewe.

Hofu yangu ni usafiri. Reli ilifika mwaka 1865, na jina la zamani, Cranley, likabadilishwa tahajia kwa sababu lilikuwa likichanganywa na Crawley. Mwaka 1965 njia ikafungwa! Miaka mia moja tu. Sasa ilikopita treni ni njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, Downs Link, inayoelekea hadi pwani. Kupanda treni inabidi kwanza uchukue basi, kwa mfano hadi mji wa Guildford.

Kilichonivutia ni historia ya afya. Hospitali ndogo ya kijiji, aliyoianzisha daktari Albert Napper mwaka 1859, inatajwa kuwa ya kwanza ya aina yake Uingereza. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo lina uzito.

Sasa, walioishi Surrey: nipange chumba hapohapo kijijini, au nikae Guildford niwe nakwenda na kurudi? Zamu za usiku na Jumapili basi linapatikana kweli? Na baiskeli kwenye ile njia wakati wa baridi, giza na tope, inawezekana au najidanganya?