Naomba ushauri: nimehariri makala ya mwanafunzi mwenzangu hadi amesema si yake tena

Mhariri wa Zamu
Wakuu, habari zenu. Nina jambo linaninyima usingizi, na toleo letu linatakiwa litoke ndani ya wiki tatu.

Mimi ni mhariri mkuu wa jarida la historia linaloendeshwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tuko watano, hakuna anayelipwa. Mhadhiri mlezi tunaye, ila maamuzi anatuachia wenyewe. Safari hii zilikuja makala 31, tukachukua sita. Kila moja ilisomwa na watu wawili bila jina la mwandishi, ingawa tusidanganyane, idara ni ndogo. Ukisoma aya mbili tu umeshajua ni nani.

Mojawapo ni ya dada wa mwaka wa pili, kuhusu Mkutano wa Berlin. Msomaji wa kwanza aliisifia hoja. Wa pili akaandika kwamba lugha imejaa mapambo na hoja imezama humo. Nikasema ngoja niiokoe. Nimekaa nayo siku mbili: nimepanga upya kurasa tatu za mwanzo, nimefuta tamathali, nimeongeza sentensi palipokuwa na pengo. Nikamrudishia ikiwa safi kabisa, nikawa nangoja asante.

Kajibu mstari mmoja: "Hii si makala yangu tena, naomba muiondoe."

Wenzangu wawili wanasema tuachane nayo. Mmoja anasema alikubali masharti yetu alipoituma, kwa hiyo tuchape tu. Nimekosea wapi? Mhariri anatakiwa aishie wapi?

Kalamu Nyekundu
Umemwandikia mtu makala halafu unamdai na asante, hehe. Hilo la kuchapa kitu ambacho mwenyewe kakikataa, usithubutu. Jina litakalokaa pale juu ni lake, si lako.

Mzee wa Nyaraka
Pole mkuu. Kiti hicho nimekikalia, nakijua kinavyochoma. Swali moja kabla sijasema kitu: ulimrudishia faili yenye alama za mabadiliko, au iliyosafishwa?

Mhariri wa Zamu
Iliyosafishwa. Niliona wekundu ule wote utamtisha.

Mzee wa Nyaraka
Basi ulimficha. Hakuweza kujua umegusa nini na umeacha nini, ikabidi aisome kama kazi ya mtu mwingine, na ndivyo alivyojibu.

Sisi tulijifunza kwa machungu kutenganisha vitu vitatu. Tahajia na tanbihi unarekebisha mwenyewe, alama zikionekana. Kosa la ukweli, kama tarehe au jina au nukuu isiyofanana na chanzo, hulirekebishi: unamwonyesha yeye alirekebishe, maana huenda ana waraka ambao wewe hujauona. Hoja na mtindo unauliza tu. "Hapa unamaanisha nini?" pembeni ya aya inafanya kazi kuliko sentensi kumi utakazomtungia. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiulizwa vizuri anaandika aya bora kuliko ya mhariri wake. Nimeliona mara nyingi, na mara nyingi mhariri huyo nilikuwa mimi.

Kama huoni tabu, tubandikie sehemu moja: alivyoandika yeye na ulivyoandika wewe.

Mhariri wa Zamu
Sawa. Yake: "Berlin hawakukata nyama. Walinoa visu na kukubaliana namna ya kuvishika. Kukata kulikuja baadaye, wawili wawili, kwenye meza nyingine."

Yangu: "Mkutano wa Berlin wa 1884–85 ulichora mipaka ya makoloni, ukiwemo mpaka kati ya eneo la Wajerumani na la Waingereza Afrika Mashariki."

Kalamu Nyekundu
Mama yangu.

Mzee wa Nyaraka
Mkuu, kaa chini kwanza. Sentensi yako ina kosa, na ya kwake haina.

Mkutano ule ulifunguliwa tarehe 15 Novemba 1884, Mkataba Mkuu ukatiwa saini tarehe 26 Februari 1885. Ndani yake utakuta biashara na usafiri wa majini katika Kongo na Niger, na masharti ya nchi inayotaka kudai sehemu mpya ya pwani ya Afrika: iwaarifu wengine, na iwe na mamlaka ya kweli pale inapodai. Mpaka unaoutaja hauko humo. Mstari kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Victoria ulitokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1886, na sehemu ya mpaka iliyo magharibi ya ziwa ikaja na mkataba wao mwingine, ule uitwao wa Heligoland na Zanzibar, wa tarehe 1 Julai 1890. Wawili wawili, kwenye meza nyingine, kama alivyosema binti.

Kwa hiyo yale uliyoyaona mapambo ndiyo yaliyobeba hoja nzima. Ukayafuta, ukaweka pale lile kosa la vitabu vya shule, tena chini ya jina lake.

Mhariri wa Zamu
Nimenyamaza hapa kama dakika kumi. Nilikuwa na hakika kabisa.

Tanbihi
Usijichape sana. Hakika ya namna hiyo tunayo wote, ndiyo maana mimi sigusi sentensi yenye tarehe bila kufungua chanzo. Kwenye jarida letu tunachagua tanbihi kumi kwa kubahatisha katika kila makala, na mwandishi anatutumia picha ya ukurasa husika. Tulianza baada ya kukuta makala yenye rejea nne za vitabu visivyokuwepo duniani, zilizotungwa na akili mnemba, majina ya wachapishaji yakiwa yamekaa vizuri kabisa. Wasomaji wetu wawili walikuwa wameipitisha bila shaka yoyote. Sasa jiulize, hiyo sentensi yako ingewekewa tanbihi gani?

Mhariri wa Zamu
Niliacha ile ile ya kwake.

Tanbihi
Yaani kitabu chake kinasema hivi, wewe umekifanya kiseme vile. Msomaji akikifungua atamwona yeye ndiye mwongo.

Niliwahi Kuchapishwa
Niseme kwa upande wa waandishi. Makala yangu ya kwanza ilihaririwa hivyo hivyo na sikuthubutu kusema kitu, nilishukuru kwa unyenyekevu. Mpaka leo siionyeshi kwa mtu. Huyo dada ana ujasiri niliokosa mimi. Mwombe radhi wewe mwenyewe, kabla barua ya "kamati ya wahariri" haijamfikia, na usianze na "tulikuwa na nia njema".

Mwalimu wa Zamu ya Jioni
Naongezea jambo la kiutaratibu kwa ajili ya yule mwenzenu wa masharti. Kutuma makala ni ombi la kuchapishwa. Ridhaa ya toleo la mwisho ni kitu kingine na huombwa peke yake, kwa maandishi, baada ya mwandishi kusoma nakala iliyopangwa kurasa. Muwekeni wazi pia kuhusu hakimiliki na leseni. Majarida mengi ya kitaaluma hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa kwingine, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuja kuikuza makala yake ajue mapema anaingia wapi. Na msomaji aliyemtambua mwandishi aseme, apewe makala nyingine. Idara kuwa ndogo ndiyo sababu ya kulitamka hilo.

Mrithi
Samahani natoka nje ya mada. Sisi mhariri aliyetangulia amehitimu, na nywila ya tovuti ya jarida iko kwenye barua pepe yake binafsi. Tunafikiria kuanza upya kwa jina jipya. ISSN yetu, ile namba ya utambulisho wa jarida, itatufuata?

Tanbihi
Haitawafuata. ISSN hufuata jina la jarida. Likibadilika kabisa mnaomba nyingine, na matoleo ya zamani yanabaki na yake. Mtafuteni huyo mhitimu, ni rahisi kuliko kuzaliwa upya. Mkimpata, fungueni barua pepe ya jarida lenyewe, isiwe ya mtu.

Mhariri wa Zamu
Wakuu, narudi na mrejesho baada ya siku tano.

Nilimwandikia usiku ule ule. Nikamwambia nimeingiza kosa kwenye makala yake, nikalitaja kwa tarehe zake, nikamrudishia faili yake ya awali bila kugusa hata nukta. Pembeni niliweka maswali tisa. Hakujibu siku tatu, nikajua imekwisha.

Jana kaituma. Maswali saba kayafanyia kazi, na ile kurasa ya pili niliyokuwa nahangaika nayo kaigawa aya mbili, inasomeka bila shida. Mawili kakataa na kaeleza kwa nini. Moja sikubaliani naye bado, lakini nimeliacha. Sentensi ya visu imebaki, sasa ina tanbihi mbili, ya 1886 na ya 1890.

Kalamu Nyekundu
Na yule msomaji wa pili je?

Mhariri wa Zamu
Bado anasema ni mapambo.