Mkalimani anapotamka "naamini" kwa niaba ya mmisionari

Mwana wa Ukara

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Kwa miaka sita nimekuwa mkalimani wa daktari mmisionari kutoka Marekani, ambaye huja Mwanza kila mwaka kwa miezi mitatu, kisha tunavuka kwenda visiwa vya Ukerewe na Ukara kutibu na kuwaombea wagonjwa. Yeye huzungumza Kiingereza, nami hufasiri kwa Kiswahili au kwa Kikara, lugha ya mama yangu. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza: daktari akisema anaamini, mimi natamka "naamini", wala sisemi "anasema kwamba anaamini". Zamani neno hilo lilikuwa letu sote wawili.

Mwaka jana tulimtembelea mama aliyempoteza binti yake katika kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara na kuua zaidi ya watu 200. Daktari alimwambia, kwa upole wa kweli, kwamba Mungu alikuwa na kusudi lake. Ulimi wangu ulikataa. Nilimwambia mama yule kwamba Mungu analia pamoja naye. Alinishika mkono, daktari akatabasamu, na tangu siku hiyo sijaweza kusali peke yangu. Je, mtu asiyejua tena anachokiamini ana haki ya kuendelea na kazi hii?

Katekista Mstaafu, Bukumbi

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Umechanganya mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. La kwanza ni shaka, nalo halikufukuzi kazini. Barua za Mama Teresa zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa karibu miaka hamsini ya kuwahudumia maskini wa Calcutta alisali bila kuhisi kuwapo kwa Mungu, na aliowaeleza giza hilo walikuwa wachache, hasa mapadri waliomwongoza kiroho. Hata Nasadiki yetu, yaani sala ya kukiri imani, tunaitamka pamoja kanisani, ili siku sauti yako inapokwama, ya jirani ikuvushe.

La pili ni kubadilisha maneno, na hapo sikufichi: ulikosea. Mama yule alipokea neno lako akidhani ni la daktari, na daktari anadhani neno lake limepokelewa. Wote wawili unawadai ukweli.

Muuguzi wa Igoma

Shikamoo mzee wangu, ila hapo kwa Mama Teresa naomba nikupinge. Mwaka 1994 Robin Fox, mhariri wa jarida la kitabibu la The Lancet, aliitembelea nyumba yake ya wanaokufa huko Calcutta, na pamoja na kuusifu usafi na upendo alioukuta, aliandika kwamba wagonjwa walikosa dawa kali za kutuliza maumivu. Giza la mhudumu ni lake na Mungu wake. Maumivu ya mgonjwa yanatuhusu sote.

Kwa hiyo, ndugu Mwana wa Ukara, mimi ningekuuliza swali jingine. Mnapogawa prazikwanteli kwa watoto wenye kichocho, dawa inaua minyoo iliyokomaa, lakini haimkingi mtoto anayerudi jioni kuchota maji na kuoga palepale penye konokono wanaoeneza kichocho. Daktari wako akiondoka baada ya miezi mitatu, nani anajenga vyoo, nani anafuatilia maji ya bomba? Nimefanya kazi na wageni wengi, wengine watu wema mno, na ninachokiona ni kwamba sala ikiwekwa mahali pa choo, mkalimani ndiye wa kwanza kusikia kuna kitu hakikai sawa, kwa sababu yeye ndiye anayebaki na majirani. Huenda hujapoteza imani, bali umechoka kuwa mdomo wa ziara.

Mwana wa Ukara

Nawashukuru nyote. Suala la vyoo ni kweli, na linaniuma, kwa kuwa nimefasiri hotuba ya uzinduzi wa kisima ambacho sasa hakitoi maji. Lakini mzee amenigusa zaidi. Jana usiku nilimpigia daktari simu nikamweleza yote. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha aliniomba nimtajie neno lile nililomwambia mama, kwa Kikara, na nilirudie polepole ili aliandike.